Anthropolojia kwa Njia ya Chuo cha Jamii: Kutoka Karatu hadi Riverside

Watu wa nyumbani wanaponiuliza nilisoma wapi, huwajibu kwamba nilihitimu anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na tamaduni zake, katika Chuo Kikuu cha California, Riverside, na jibu hilo huwatosha. Ukweli ni kwamba nusu ya shahada hiyo niliisomea kwingine, katika chuo cha jamii cha miaka miwili kilichopo mashariki ya Los Angeles, katika ukanda unaoitwa Inland Empire, na huko ndiko nilikofunzwa kazi yenyewe: kutazama, kuuliza, kuandika, na kutilia shaka kile kilichokwisha kuandikwa. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaofika Marekani wakiwa watu wazima, wenye kazi na watoto, ambao huambiwa kwamba chuo cha jamii ni mahali pa kupitia tu.

California ina vyuo vya jamii 116, na huo ndio mfumo mkubwa kuliko yote ya elimu ya juu nchini Marekani. Mgawanyo wa kazi uliwekwa na Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka 1960: Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi kama Berkeley, Los Angeles na Riverside, kingechagua wanafunzi kutoka sehemu moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari; vyuo vikuu vya California State vingechagua kutoka theluthi ya juu; na vyuo vya jamii vingempokea yeyote anayeweza kufaidika na masomo. Aliyeanzia huko angeweza kusoma miaka miwili ya mwanzo, kisha akahamia chuo kikuu akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Ada ya mkazi wa jimbo imekuwa dola 46 kwa yuniti, yaani kipimo cha uzito wa somo, tangu mwaka 2012, na mwenye kipato kidogo husamehewa hata hizo. Mgeni ambaye hajatimiza mwaka ndani ya jimbo hulipa mara kadhaa ya kiasi hicho, kwa hiyo nilisubiri, nikafanya kazi ya kutunza wazee zamu ya usiku, na mwaka wa ukaazi ulipotimia nikajiandikisha.

Nilitoka Karatu, kaskazini mwa Tanzania, na cheti cha kidato cha nne chenye divisheni ya nne. Kwetu mwenye cheti cha namna hiyo anaweza kupanda polepole kupitia astashahada na stashahada, lakini safari ni ndefu, na kila anapobisha hodi huombwa aoneshe tena yale matokeo ya zamani. Kwenye dirisha la chuo cha jamii niliulizwa jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na somo ninalokusudia kusoma. Matokeo ya Baraza la Mitihani hayakuulizwa na mtu yeyote, nami nilirudi nyumbani nikiamini kwamba lazima lipo dirisha jingine la kuyaulizia ambalo sikuelekezwa.

Somo nililoandika kwenye fomu lilikuwa unesi, kwa kuwa kila mtu wa Afrika Mashariki niliyemfahamu katika mji ule alikuwa nesi, alikuwa anasomea unesi, au alikuwa anamshauri mwenzake asomee unesi. Madarasa ya anatomia yalikuwa yamejaa. Mshauri wa masomo alinionesha kwamba anthropolojia ya utamaduni ilikuwa na nafasi jioni, kabla ya zamu yangu kuanza, na kwamba ingehesabiwa katika masomo ya jumla yanayodaiwa na vyuo vikuu. Niliichukua kwa sababu ya saa zake. Muhula ulipokwisha na nikatangaza kwamba nitaendelea na somo hilo hilo, wifi yangu, ambaye ni nesi wa miaka mingi na ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii, aliweka kikombe cha chai chini. "Wifi, nesi hakosi kazi," alisema. "Hiyo anthropolojia utaila?" Swali lake lilistahili jibu, na nitalifikia.

Kilichonishika ni sura moja ya kitabu cha kiada. Katika sehemu ya wawindaji na wakusanyaji kulikuwa na picha ya Mhadzabe akiwa na upinde wake kando ya mbuyu. Maelezo yake yalikuwa mazuri na, kwa kadiri nilivyoweza kuyapima, yalikuwa ya kweli: Wahadzabe ni watu elfu moja na zaidi kidogo wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, huwinda, huchimba mizizi, hurina asali, hugawana nyama, na hawana machifu. Kilichonisumbua kilikuwa nje ya picha. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu vya Mang'ola, karibu na ziwa hilo hilo, na nilipokuwa mdogo nilifuatana naye huko mara nyingi. Niliwaona Wahadzabe wakileta asali kubadilishana, niliwaona Wadatoga na mifugo yao, niliwaona Wairaqw wenzangu na wageni kutoka mikoa mingine wakigombea maji ya kumwagilia mashamba, na niliona magari ya watalii yakiulizia njia ya kwenda kwa watu wa porini. Kitabuni hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Nilipolisema hilo darasani, sikutegemea kwamba lingechukuliwa kuwa hoja. Nilidhani nasimulia habari za kwetu. Mwalimu alinitaka nifike ofisini kwake, akaniuliza maswali ambayo hadi leo nayatumia: picha ilipigwa lini, na nani, kwa kazi gani, na mpiga picha alikuwa amempa nani kisogo? Kisha akanituma maktaba nikatafute kilichoandikwa kuhusu ardhi ya Wahadzabe. Nilisoma jinsi mashamba na malisho yalivyowabana mwaka hadi mwaka, na jinsi mwezi Oktoba 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walivyopata hati ya hakimiliki ya kimila juu ya ardhi yao kwa jina la jamii nzima. Nilikuwa bado Tanzania wakati huo, mwendo wa gari usio mrefu kutoka bondeni, na habari hiyo haikunifikia. Katika kisa hicho familia kama yangu zilikuwamo, na hazikuwa upande wa kusifiwa. Insha niliyoandika ilimhusu mkulima wa vitunguu kama sehemu ya maisha ya mwindaji, na ndiyo insha ya kwanza maishani mwangu ambayo mtu mwingine aliisoma kwa sababu alitaka kujua kilichomo.

Hapa lazima niseme kuhusu wanafunzi wenzangu, kwa sababu bila wao darasa lile lingekuwa kitabu tu. Anthropolojia ya Marekani ilikuzwa na Franz Boas na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kwa miongo mingi kazi yake kubwa ilikuwa ni watu wa chuo kuandika habari za watu wasiokuwa chuoni. Darasani kwetu, watu wa aina hiyo ya pili ndio waliokuwa wamekaa kwenye viti. Kulikuwa na mama Mfilipino aliyefanya kazi hospitalini, vijana waliozaliwa na wazazi kutoka Mexico na El Salvador, mwanamume aliyefukuzwa kazi ghala lilipobadilisha mashine, na askari mstaafu aliyepigana Afghanistan.

Jioni moja tulijadili mpango wa jeshi la Marekani uliowaingiza wanasayansi ya jamii katika vikosi vya Irak na Afghanistan, ambao ulishika kasi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Bodi ya utendaji ya Jumuiya ya Anthropolojia ya Marekani iliupinga mwaka huo huo wa 2007, kwa hoja kwamba mtu anayehojiwa katikati ya vita hawezi kutoa ridhaa ya hiari, na kwamba maneno yake yanaweza kutumiwa kumdhuru yeye au jirani yake. Yule askari alisema kwamba aliwahi kufuatana na timu ya namna hiyo kijijini, na kwamba kabla ya hapo wao waliingia majumbani mwa watu bila kujua wanamwaibisha nani. Msichana ambaye familia yake ilikimbia vita vya El Salvador alimjibu kwa upole kwamba bibi yake angemwambia mgeni jambo lolote analotaka kulisikia, maadamu nyuma ya mgeni amesimama mwenye bunduki. Hakuna aliyeinua sauti. Mlinzi alikuja kuzima taa tukiwa bado tumekaa. Miaka miwili baadaye, chuo kikuu, nilisoma mjadala huo katika makala ndefu za kitaaluma, na sikukuta hoja kubwa ambayo watu wale wawili hawakuwa wameigusa, tena kwa maneno machache zaidi.

Zoezi lililonifunza ufundi kuliko yote lilikuwa la kutazama. Tulitakiwa kuchagua mahali pa wazi, kukaa, kuandika tunachokiona, na kuleta daftari. Mimi nilichagua mahali pa kufulia nguo kwa mashine za kulipia, kwa kuwa nilikuwa naenda huko kila wiki na watoto. Daftari lilirudi limejaa kalamu nyekundu. Nilipoandika kwamba mwanamke fulani alikuwa amechoka, mwalimu aliandika pembeni: "Ulijuaje?" Nilipoandika kwamba wanaume wawili walikuwa marafiki, aliandika: "Walifanya nini?" Nilirudi tena na tena, na polepole nikaanza kuandika kwamba mwanamke aliegemeza paji la uso kwenye mashine mpaka ikaacha kuzunguka, na kwamba mwanamume mmoja alimtolea mwenzake nguo kwenye kikaushio bila kuombwa, akazikunja. Uchovu na urafiki nikaviweka katika safu ya pili ya ukurasa, palipoandikwa tafsiri yangu, ambapo msomaji anaweza kuvikubali au kuvikataa. Najua linaonekana jambo dogo. Lakini tangu hapo, hata ripoti zangu za kazini kuhusu wazee tuliowatunza zilibadilika. Niliacha kuandika kwamba mzee fulani alikuwa mkaidi usiku, nikaandika saa, alichokataa, na aliyekuwa chumbani. Nesi mkuu wa zamu aliniuliza nimesomea wapi kuandika hivyo.

Zoezi la mchoro wa ukoo nalitaja kwa ufupi tu, kwa sababu lilinichekesha zaidi ya kunifundisha. Wenzangu wengi walihangaika kuwajaza ndugu karatasi moja. Mimi, kwa mama wakubwa na wadogo, baba wakubwa na wadogo, mashangazi, wajomba na watoto wao wote ambao ni ndugu zangu na si "binamu wa mbali", niliunganisha karatasi kwa gundi na bado upande wa mama haukwisha.

Anthropolojia ya kibiolojia niliichukua pamoja na maabara yake, na hapo nimshauri mwenye kuogopa sayansi kwamba somo hili huhesabiwa kuwa sayansi ya viumbe katika masomo ya jumla ya kuhamia, maabara ikiwamo, ilhali linazungumza mambo ambayo mtu wa Afrika Mashariki amekulia juu yake. Kwenye meza ya maabara kulikuwa na mfano wa fuvu wenye kibandiko cha OH 5. Ni fuvu alilolipata Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, ambalo mumewe, Louis Leakey, aliliita Zinjanthropus na ambalo leo huwekwa katika jamii ya Paranthropus boisei. Fuvu lenyewe lipo katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Barabara ya kwenda Olduvai inapita mjini kwetu Karatu. Nilizaliwa nikiona magari ya watalii yakielekea huko, lakini mfano wa plasta huko California ndio ulionipa nafasi ya kwanza ya kugusa taya lile pana na mfupa ule uliosimama juu ya utosi, ambao ulishikilia misuli ya kutafunia.

Swali nililouliza maabara lilikuwa hili: nani alichimba? Mwalimu hakuwa na jibu kamili, na alikiri hivyo mbele ya darasa, jambo ambalo lilimpandisha hadhi machoni pangu. Alinielekeza kwa Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kama kibarua katika uchimbaji wa familia ya Leakey na akawa mgunduzi wa visukuku mashuhuri duniani: mwaka 1964 alipata taya la Peninj karibu na Ziwa Natron, na mwaka 1984 aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, kilichofungua njia ya kupatikana kwa karibu mifupa yote ya kijana wa Homo erectus aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa hiyo imo katika kila kitabu cha kiada nilichowahi kukishika. Jina la aliyeiona mara nyingi halimo, au limo katika maelezo ya chini ya ukurasa.

Familia hiyo hiyo ya Leakey ilinifuata hadi darasa la akiolojia. Sikujua kabla ya hapo kwamba mwaka 1964 Louis Leakey alianza kusimamia uchimbaji katika kaunti tuliyokuwa tukiishi, San Bernardino, mahali paitwapo Calico, jangwani karibu na Barstow. Aliamini kwamba mawe yaliyopatikana huko yalikuwa zana za binadamu wa kale sana, wa kale kuliko wote waliokuwa wakikubalika katika bara la Amerika. Mary Leakey hakukubaliana naye, na wanaakiolojia walio wengi wanaona kwamba mawe yale yalivunjwa na nguvu za maumbile. Mwalimu alimwaga mezani rundo la mawe, mengine yaliyochongwa na mtu na mengine yaliyopasuka yenyewe mtoni, akatutaka tuyatenganishe na kueleza sababu. Darasa liligawanyika karibu nusu kwa nusu kwa baadhi ya mawe, na mabishano yalikuwa makali. Somo hilo lilinipa heshima ya kipekee kwa Mary Leakey, mtu aliyethubutu kuyatazama mawe ya mume wake kwa jicho lile lile alilotazamia mawe mengine.

Anthropolojia ya lugha ndiyo iliyonionesha kwamba soko la utotoni mwangu lilikuwa maarufu bila sisi kujua. Mwanaisimu Joseph Greenberg aligawanya lugha za Afrika katika makundi makubwa manne, na kaskazini ya kati mwa Tanzania ndipo makundi yote hayo hukutana: Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, Kinyiramba na Kiswahili ni za Kibantu, na Kihadza, chenye vidoko, yaani sauti za kupiga ulimi, kiliwahi kuwekwa pamoja na lugha za Khoisan ingawa sasa wataalamu wengi wanakihesabu kuwa lugha pweke isiyo na ndugu anayejulikana. Niliwaeleza wenzangu jinsi watu wa sokoni walivyobadili lugha kulingana na anayeuza na anayenunua, na jinsi mtoto alivyoweza kuhesabu vitunguu kwa lugha moja na kutukanwa kwa nyingine. Mwalimu alisimamisha alichokuwa akifundisha, akaniachia muda wote uliobaki.

Nimewasifu walimu hawa, na ni haki nieleze walivyoishi. Wengi wao walikuwa wa mkataba wa muda, wakifundisha vyuo viwili au vitatu katika wiki moja, wakisahihisha kazi zetu ndani ya magari yao kati ya chuo na chuo. Baadhi hawakuwa na ofisi ya kudumu. Mmoja alitukutania kwenye meza ya mgahawa wa chuo. Mwanafunzi anayehitaji barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu wa namna hiyo aiombe mapema na apate anwani yake ya kudumu, kwa maana muhula ujao mwalimu huyo anaweza kuwa kaunti nyingine.

Sasa niingie kwenye kuhama kwenyewe. Mshauri wa kwanza niliyemwendea alinipa jibu moja kuhusu somo la takwimu, na wa pili akanipa jibu tofauti. Badala ya kuchagua lililonipendeza, nilimwomba kila mmoja anioneshe palipoandikwa, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba makubaliano rasmi kati ya vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya umma vya California, somo kwa somo na mwaka kwa mwaka, yanapatikana wazi katika hazina ya mtandaoni inayoitwa ASSIST. Kuanzia siku hiyo nilikwenda kwa washauri nikiwa na ukurasa uliochapwa mkononi. Kwa Chuo Kikuu cha California, anayehamia mwaka wa tatu hutakiwa kuwa na yuniti 60 za muhula zinazokubalika huko, pamoja na masomo ya msingi ya fani yake. Katika anthropolojia masomo hayo ni machache, jambo linaloipa fani hii nafuu kubwa ikilinganishwa na uhandisi au baiolojia: aliyemaliza utamaduni, biolojia ya binadamu na akiolojia amekwisha kujenga kiini.

Zipo njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni shahada ndogo ya kuhamia, iliyotokana na sheria ya jimbo ya mwaka 2010, ambayo humhakikishia mhitimu nafasi katika mfumo wa California State, ingawa haimhakikishii kampasi anayoitaka. Ya pili ni dhamana ya kupokewa inayotolewa na kampasi sita za Chuo Kikuu cha California, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Huombwa mwezi Septemba, kabla ya maombi ya kawaida ambayo hufungwa mwishoni mwa Novemba au siku chache baadaye, na kila kampasi huweka masharti yake ya alama. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Nilizifuata njia zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa masomo yake yalilingana kwa sehemu kubwa. Masomo ya jumla ya wakati wangu yalipangwa katika orodha iliyoitwa IGETC, ambayo tangu msimu wa vuli wa 2025 imepisha orodha mpya ya Cal-GETC kwa wanaoanza. Kwa hiyo ushauri wa mtu aliyehama miaka mitano iliyopita, ukiwamo wangu, usikilizwe kisha uhakikiwe.

Katika maombi, mwanafunzi anayehama hutakiwa kueleza alivyojiandaa kwa fani anayoomba. Niliandika kuhusu vitunguu. Wifi alisoma rasimu, akasema chuo kikuu hakiwezi kumpokea mtu kwa habari za vitunguu, kisha akanisahihishia koma.

Riverside walinipokea, na robo ya kwanza ilinitikisa. Chuo cha jamii kilikuwa na mihula mirefu. Huku mwaka umegawanywa katika robo zenye wiki kumi za masomo, mtihani wa kati huja kabla mtu hajajua majina ya waliokaa jirani naye. Madarasa ya mihadhara yalikuwa makubwa, na kwenye semina wanafunzi walizungumza kwa majina ya wanazuoni, Malinowski alisema hivi, Evans-Pritchard akapinga vile, kana kwamba hao walikuwa majirani zao. Waliofika hapo tangu mwaka wa kwanza walikwisha kuwa na mwalimu anayewafahamu na nafasi katika maabara fulani. Anayehama ana miaka miwili tu ya kuyapata hayo yote. Kwa sababu hiyo nilianza kwenda ofisini kwa walimu tangu wiki ya pili, hata nilipokuwa sina swali la maana, na nilikuwa nimeuliza habari za uchimbaji wa mafunzo wa kiangazi kabla ya majira ya baridi kuisha.

Pamoja na hayo, sikuwa nyuma kwa ufundi. Katika semina moja tulisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Herman Pontzer na wenzake, uliopima nishati inayotumiwa na miili ya Wahadzabe kwa siku na kukuta kwamba, ukubwa wa mwili ukishazingatiwa, hailingani na dhana ya wengi: haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya, licha ya Wahadzabe kutembea zaidi. Ni utafiti muhimu na niliuheshimu. Wenzangu walijadili vipimo. Mimi niliuliza walipimwa katika kambi zipi, umbali gani kutoka kijiji chenye duka, na msimu gani, kwa kuwa nilijua kwamba kuna kambi ambazo unga wa mahindi umekwisha kuingia na nyingine ambazo bado. Watafiti wenyewe walikuwa wamelizingatia jambo hilo na kueleza kambi walizochagua, na mjadala ukawa bora kwa sisi kulisoma fungu hilo pamoja. Swali nililouliza lilikuwa lile lile la darasa la jioni.

Nabaki na deni la swali la wifi. Sheria ya mazingira ya California ya mwaka 1970 inataka miradi mingi ya ujenzi ichunguzwe kwanza kama itaharibu mazingira, mabaki ya kale yakiwamo, na sheria nyingine ya mwaka 2014 ikaongeza sharti la mamlaka kushauriana na makabila ya wenyeji wa asili kuhusu mali zao za kitamaduni. Inland Empire imejaa maghala makubwa ya kuhifadhia bidhaa zinazotoka bandari za Los Angeles na Long Beach, na maghala mapya hujengwa kila mwaka. Kabla ya tingatinga kuingia, lazima watu watembee shambani kwa mistari wakitazama chini, waandike walichokiona, na wakae hapo mchimbo unapoanza. Mwenye shahada ya anthropolojia na uchimbaji mmoja wa mafunzo huajiriwa kwa kazi hiyo. Ndiyo ninayoifanya sasa: navaa kofia ngumu na fulana ya kung'aa, nasimama upande mmoja wa mtambo, na mara nyingi upande wa pili amesimama mwangalizi aliyetumwa na kabila la Wacahuilla au Waserrano, ambaye anaijua ardhi ile kwa namna ambayo daftari langu haliwezi kuifikia, na ambaye humuuliza kila mgeni wa kazini, kwanza kabisa, watu wake ni wa wapi.

Mshahara ni mdogo kuliko wa nesi, na wifi hajaacha kunikumbusha. Mwaka jana binti yake alimaliza sekondari akataka kuanzia chuo cha jamii, somo bado hajalijua, na mama yake akamleta kwangu Jumamosi asubuhi, akaketi naye mezani, akasema: "Haya, shangazi yako atakuonesha hizo karatasi." Tulianza na ukurasa wa ASSIST.